Mtoto wetu alipigwa risasi na askari: haya ndo ningependa mtu angeniambia siku ileile

Kitu cha kwanza kabisa kuandikwa kuhusu mtoto wa dada yangu baada ya kupigwa risasi kilikuwa neno panya road. Mtoto bado yuko kwenye machela, hata jina hajaulizwa, ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza, na madaftari yake ya tyusheni yamelowa damu, lakini kwenye karatasi ya polisi tayari kaandikwa kuwa ni mtuhumiwa wa kundi la panya road aliyejeruhiwa katika kuzuia uhalifu. Mimi ni mjomba wake. Karibu kila tulichopitia baada ya pale kilikuwa ni kupambana na huo mstari mmoja. Watu wengi tunadhani mapambano ya haki yanaanzia mahakamani, kumbe yanaanzia kwenye zile saa za mwanzo, nani kaandika nini, nani kasaini wapi, na nyie kama familia mmebaki na nini mkononi.

Kwa ambao hamuishi Dar, panya road ni vikundi vya vijana wadogo wanaovamia mitaa na mapanga, wanapora na kujeruhi watu. Sio hadithi, watu wameumizwa kweli na wengine wameuawa, na mwaka 2022 hali ilipokuwa mbaya polisi walifanya operesheni kubwa na kutangaza kuwaua watuhumiwa kadhaa, na mitaani watu walishangilia. Hata mimi nilikuwa naelewa kwa nini wanashangilia. Ila hilo jina likishabandikwa kwa mtoto wako hakuna anayeuliza swali la pili. Jirani anakaa kimya, mwandishi wa habari hapigi simu, na yule anayetakiwa kuchunguza anaona hakuna cha kuchunguza. Ndo maana nasema ukipatwa na jambo hili, kabla ya wakili, kabla ya kwenda kulia redioni, hangaika na hilo jina kwanza.

Mimi sikuwepo, naeleza kama nilivyosimuliwa na watu waliokuwepo na kama vidio inavyoonyesha. Ni huku kwetu upande wa Mbagala, jioni, giza linaanza kuingia. Defenda ya polisi ilikuja kwenye kijiwe cha bodaboda wakamkamata kijana mmoja kwa kosa la barabarani, wenzake wakazingira gari wakisema aachiwe, maneno yakawa mengi, kuna waliorusha mawe, hilo sitaki kulificha. Askari wakapiga risasi. Zaidi ya mmoja walikuwa na silaha na zaidi ya mmoja walifyatua. Mwanetu alikuwa anatoka tyusheni na mdogo wake wa miaka tisa, waliposikia milio wakageuka kukimbilia uchochoro wa nyumbani, yeye akaanguka pale kwenye kona ya genge. Mdogo wake alidhani kajikwaa.

Taarifa iliyokuja kutoka baadaye ilisema ni risasi iliyopigwa hewani. Sasa risasi iliyopigwa hewani imemkutaje mtu kiunoni kwa nyuma, hilo ndo swali tulilolibeba mpaka leo.

Nianze na PF3 maana hapo ndo wengi wanakwama. Ile fomu namba 3 ya polisi inatolewa kituoni, na ukipigwa risasi na askari inabidi uifuate kwa walewale askari. Dada yangu alikwenda usiku ule na kanga ina damu, akapewa fomu imeandikwa mgonjwa ameumia kwenye vurugu. Basi. Hakuna neno risasi. Yeye kwa hali aliyokuwa nayo asingeweza kusoma kitu, alichotaka ni mtoto atibiwe. Kwanza mjue, mgonjwa wa dharura anatakiwa kutibiwa kwanza na PF3 ifuate, serikali imelisema hili mara nyingi, kwa hiyo msikubali mtoto alale kwenye benchi mtu anatafuta fomu. Pili, ikishatoka isome, na kama imeandikwa kitu kisicho kweli sema palepale kwa adabu kwamba hili ni jeraha la risasi naomba liandikwe hivyo. Wakikataa ichukue hivyohivyo, ipige picha mbele na nyuma, kwa sababu ile fomu ina sehemu inayojazwa na daktari. Kwetu sisi sehemu ya daktari ndo iliyotubeba. Yule daktari wa zamu, Mungu ampe heri, aliandika bila kupepesa kwamba ni jeraha la risasi, tundu la kuingilia liko nyuma. Maneno machache ya kalamu ya bluu. Fomu yenyewe ilirudi polisi lakini picha tulikuwa nayo kwenye simu tatu tofauti.

Usiku uleule akaletwa askari wa kumlinda wodini, na pingu. Mtoto kafungwa mkono wa kushoto kwenye chuma cha kitanda, mkono wa kulia una dripu, na kile chuma kilikuwa kimebanduka rangi kwa hiyo pingu inakwaruza kila akijitikisa. Nesi wa zamu alimwambia yule askari, afande huyu mtoto hawezi hata kukaa atakimbia vipi, na yule askari akajibu hayo ni maelekezo. Hatukujua wakati ule kwamba hapo ndipo pa kumwita afisa ustawi wa jamii. Kila hospitali kubwa anakuwepo, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yeyote aliye chini ya miaka 18 ni mtoto hata akiwa mtuhumiwa wa kitu gani, ana haki ya mzazi au ustawi kuwepo anapohojiwa. Mwanetu alihojiwa akiwa na maumivu, peke yake, mama yake yuko nje anazuiwa asiingie. Alichosema tulikuja kukisikia kwa yule nesi: alikuwa anaomba madaftari yake.

Alihamishiwa Muhimbili, wakampasua, wakapambana naye, akafariki alfajiri ya siku ya tatu. Sitaeleza sana hapa. Dada yangu ataisoma hii.

Sasa msiba. Sisi ni Waislamu na kwetu maiti haikai, wazee walitaka mtoto azikwe siku hiyohiyo, na polisi nao walikuwa wepesi ajabu kutusaidia tuzike haraka, gari watatoa wao, kibali watashughulikia wao. Aliyetuokoa ni imamu wa msikiti wetu. Aliwaambia wazee kwamba kuchelewesha maziko ili haki ya aliyeuawa isipotee sio dhambi, na mwenye kubeba lawama abebe yeye. Wazee wakanyamaza. Nawaomba sana, mwenye msiba wa namna hii asizike kabla mwili haujachunguzwa na daktari, na uchunguzi usifanyike bila mtu wa familia kujua saa na mahali. Binamu yetu mmoja ni muuguzi, tulimwomba asimame kwa niaba ya familia, akakubaliwa baada ya maneno mengi. Yeye ndo aliyeona risasi ikitolewa. Anasema ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja, wakaiosha, wakaitia kwenye kibahasha cha kaki, wakaandika jina la marehemu na tarehe kwa kalamu ya wino, wakakifunga kwa plasta ya hospitali, na askari mpelelezi akasaini kwenye daftari kwamba kapokea. Binamu akaandika pembeni kwenye mkono wake jina la yule mpelelezi na saa. Hicho kitu kinaonekana kidogo lakini baada ya muda tulipoambiwa kwamba risasi haikupatikana mwilini, tulikuwa na jina, tarehe na saa ya aliyeipokea, na ghafla ikapatikana.

Mambo ya ganda la risasi sasa. Asubuhi baada ya tukio watoto wa mtaani walikuwa wanapuliza kitu kama filimbi. Mama muuza genge akawanyang'anya, kumbe ni maganda ya risasi, wameyaokota kwenye mchanga pale pembeni ya mtaro. Akayafunga kwenye mfuko wa chumvi akayaweka ndani. Mama wa watu alifanya jambo jema kabisa, ila kisheria ganda lililookotwa na kuwekwa ndani ya nyumba ya mtu lina maswali mengi, lilikuwa wapi, nani kaligusa, mbona halijapelekwa. Ukiliona ganda usilishike. Lipige picha lilipo, weka kitu pembeni ya kuonyesha ukubwa wake na mahali, mwite mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe aje aone, halafu mkilikabidhi polisi mkabidhi mbele ya mashahidi na kila mtu asaini kwenye karatasi mtakayobaki na nakala yake. Sisi tulifanya hivyo kwa kuchelewa, mwenyekiti wetu akaandika barua na kugonga muhuri.

Vidio alikuwa nayo kijana mmoja wa boda. Ilikuwa imeshazunguka watsapu na kila mtu kaiwekea maneno yake, wengine wameweka na muziki wa huzuni. Wakili alipoiona akatuambia hii haina faida sana, tafuteni simu iliyorekodi. Ile ya mwanzo yenye tarehe na saa ndani yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini lazima uonyeshe umetoka wapi na haujachezewa. Kwa hiyo usiikate, usiitie maandishi, usiifute kwenye simu iliyorekodi, jitumie kwa imeili pia. Na kuwa makini na kuiposti ukiandika kitu ambacho huna uhakika nacho, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo na itatumika kwako kabla haijatumika kwa mtu mwingine yeyote. Yule kijana wa boda alikuwa anaogopa, tukamwelewa, hatukumlazimisha. Wakili alikwenda kuzungumza naye mwenyewe.

Kuna jambo moja linaniuma mpaka leo nalo ni bahasha. Siku ya pili ya msiba walikuja watu wa heshima, wamevaa kiraia, wakakaa na wazee kwenye mkeka, wakatoa pole, wakatoa bahasha ya laki tano na gunia la mchele. Ni mkono wa pole, desturi yetu, huwezi kumfukuza mtu msibani. Halafu wakatoa karatasi wakasema ni kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi tu, mzee mmoja asaini amepokea. Baba mkubwa akasaini. Ile karatasi ilikuwa na sentensi chini inayosema familia imepokea na haina malalamiko. Nani anasoma karatasi msibani? Wiki kadhaa baadaye nilipokwenda kuulizia jalada nikaambiwa mbona nyie mlishamaliza kifamilia. Kwa hiyo pole pokeeni, chakula pokeeni, karatasi msisaini. Mwambieni mleta karatasi msemaji wa familia hayupo, iacheni tutaisoma. Na teueni msemaji mmoja mapema, awe na moyo mgumu kidogo. Baadaye wakili alitueleza kwamba kosa la jinai ni la Jamhuri, familia haiwezi kulifuta kwa kusaini karatasi, tukapumua, lakini tulishapoteza muda.

Wazee wengine walisema yaliyopita si ndwele, tumwachie Mungu, serikali haishtakiwi. Siwalaumu, wana umri wao na wameona mengi. Dada yangu ndo alisema hapana. Alisema hivi, mimi sitaki hela ya mtu, nataka tu waandike kwamba mwanangu hakuwa mwizi.

Basi tukaanza na hilo. Tukaenda shuleni, mwalimu mkuu akatupa barua na kopi ya rejista ya mahudhurio, mtoto alikuwepo siku ile na wiki nzima kabla yake. Mwalimu wa tyusheni akaandika saa aliyowaruhusu. Serikali ya mtaa wakaandika kwamba mtoto na wazazi wake ni wakazi wanaojulikana na hajawahi kulalamikiwa. Cheti cha kuzaliwa kikaambatanishwa maana kwenye karatasi za polisi walikuwa wamemwandika miaka 19. Haya yote yalipatikana bila gharama zaidi ya nauli na kopi, na kama ningeulizwa kitu kimoja cha kufanya wiki ya kwanza ningesema ni hiki.

Kituoni tulipotaka kufungua taarifa tupewe RB, ile namba ya taarifa ya polisi, tuliambiwa marehemu ndo mtuhumiwa, sasa mnafungua kesi dhidi ya nani. Usipoteze nguvu kubishana kaunta. Andika barua. Sisi tuliandika kwa RPC, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, nakala kwa RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa, nakala Ofisi ya Taifa ya Mashtaka kwa DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, nakala Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na kila sehemu tulipopeleka tulibeba nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hujapeleka kitu. Ile Tume kupeleka malalamiko ni bure, ipo kikatiba, inachunguza na kutoa mapendekezo, haifungi mtu, hilo mlijue msije mkakata tamaa. Lakini barua yake ikifika kwa mkubwa wa polisi inajibiwa haraka kuliko yako.

Wakili binafsi wa kwanza tuliyemfuata alitaja milioni tatu za kuanzia. Hatukuwa nazo. Watu wengi wanaishia hapo, kumbe kuna msaada wa kisheria wa bure na una sheria yake ya mwaka 2017. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wapo hapahapa Dar, Chama cha Mawakili Tanganyika nao wana utaratibu wao. Utasubiri foleni, utarudishwa ulete karatasi fulani, lakini wanajua hizi kesi. Wakili aliyetupokea ni dada mdogo tu kiumri, alikaa na mama wa mtoto nusu saa bila kuandika chochote kwanza.

Yeye ndo alitufungua macho kuhusu nani kapiga. Alitukumbusha kifo cha Akwilina, mwanafunzi wa Chuo cha Usafirishaji aliyepigwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni tarehe 16 Februari 2018, polisi wanatawanya waandamanaji. Nchi nzima ililia. Askari walikamatwa wakahojiwa, na mwishowe DPP akalifunga jalada kwa kukosekana ushahidi wa kumshtaki mtu. Halafu akatutajia Daudi Mwangosi, mwandishi aliyeuawa Nyololo, Iringa, Septemba 2012. Pale kulikuwa na picha zilizopigwa palepale, zinaonyesha askari na silaha na marehemu katikati, na mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mmoja tu, watu walilalamika kuhusu wengine waliokuwa pale, lakini walau yupo aliyejibu. Tofauti ya hizo kesi mbili ikanikaa kichwani: wakifyatua wengi na hakuna anayeweza kusema risasi hii imetoka kwenye bunduki hii, jalada linakufa.

Kwa hiyo uliza kuhusu silaha. Kila askari anayetoka na bunduki ya SMG anaisaini kwenye daftari la ghala la silaha, namba ya bunduki na idadi ya risasi alizochukua, na akirudi anasaini alizorudisha. Hili aliniambia askari mmoja mzee, sitasema wa wapi, alinifuata nje akaniambia kijana, omba kwa maandishi lile daftari lihifadhiwe, na omba ganda na risasi vipelekwe kwa mtaalamu vilinganishwe na zile bunduki. Hakutaka hata soda. Tulipoandika barua tukiomba hayo mawili kwa majina yake, sauti za kule ofisini zilibadilika.

Usiku nilikuwa sipati usingizi, nasoma kesi za nchi nyingine kwenye simu. Kule Chicago, Marekani, mtoto wa miaka 17 Laquan McDonald alipigwa risasi 16 na polisi Oktoba 2014, maelezo ya kwanza yakasema aliwajia na kisu. Ikachukua zaidi ya mwaka vidio ya gari la polisi kuachiwa kwa amri ya mahakama, na ikaonyesha anatembea kujitenga nao. Yule askari akatiwa hatiani 2018. Ufaransa Juni 2023, Nahel, naye miaka 17, mwanzoni ilisemwa aliwaelekezea gari askari, vidio ikaonyesha vingine. Hapo jirani Nairobi, Yassin Moyo wa miaka 13 alipigwa risasi amesimama barazani ghorofani kwao Machi 2020 polisi wakisimamia kafyu ya korona, na askari akashtakiwa kwa mauaji. Nikaona sio sisi peke yetu, kila mahali maelezo ya kwanza yanatoka kwa aliyeshika bunduki.

Ila Wakenya wana kitu sisi hatuna. Tangu 2011 wana IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, sio polisi wenyewe. Wana malalamiko yao, kesi zinakaa miaka, najua. Lakini mzazi ana mlango wa kugonga ambao nyuma yake hakai mwenzake na yule aliyefyatua. Sisi hapa anayepeleleza kifo ni mfanyakazi mwenzake na mtuhumiwa, wanakula kantini moja, na mimi hata nikutane na mpelelezi mwaminifu vipi nitamwaminije kwa asilimia zote? Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023 na ikasema upelelezi wa makosa ya jinai utolewe polisi uwe kwenye chombo kinachojitegemea. Naunga mkono kwa moyo wote. Tuna Sheria ya Uchunguzi wa Vifo pia, inayoruhusu hakimu kukaa kama mchunguzi wa vifo na kuchunguza hadharani mtu kafaje. Ni sheria ya mwaka 1980, ipo, na ni nadra sana kusikia imetumika kwa mtu aliyekufa mikononi mwa polisi. Muulizeni wakili wenu kuhusu hiyo mapema, sisi tulichelewa kuijua.

Baada ya miezi mingi askari mmoja alikamatwa. Kwanza alishtakiwa kijeshi ndani ya jeshi lao akafukuzwa kazi, na watu wakaanza kutuambia kashafukuzwa jamani mnataka nini tena. Kufukuzwa kazi ni nidhamu, sio kesi. Kesi ni ile inayopelekwa mahakamani na ofisi ya DPP. Akashtakiwa kuua bila kukusudia, yuko nje kwa dhamana, kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, inaahirishwa, inatajwa tena. Familia ya marehemu sio upande kwenye kesi ya jinai, utakaa benchi la nyuma na hakuna atakayekuambia tarehe. Chukua namba ya kesi, mjue karani wa masjala kwa jina, mwombe wakili wa serikali namba yake ya simu. Na mjiandae kumwona. Dada yangu mara ya kwanza alimwona kwenye korido, kijana mdogo tu, ana watoto labda, akarudi nyumbani akalala siku nzima bila kula.

Gharama zake nisizifiche. Mimi ni fundi wa mafriji, nilipoteza wateja maana kila nikipigiwa simu niko kwenye ofisi fulani nasubiri mtu. Dada aliacha kuuza uji. Yule mdogo wa marehemu alianza kukojoa kitandani na akawa akisikia pikipiki ikipiga mlio wa eksozi anaingia chini ya meza. Tulimpeleka ustawi wa jamii, wakatuelekeza kwa mshauri, sasa ana nafuu. Na yeye ni shahidi, polisi walitaka kumchukua maelezo shuleni bila mzazi, mwalimu akakataa akatupigia simu. Zungumzeni na walimu mapema, na maelezo yoyote yatakayochukuliwa, ya mtoto au mkubwa, msomewe kabla ya kusaini na mkatae ukurasa wenye nafasi wazi.

La mwisho ni madai ya fidia, ambayo ni njia nyingine kabisa na haisubiri kesi ya jinai iishe. Kuishtaki serikali lazima utoe notisi ya siku 90 kwa taasisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 naye lazima aunganishwe kwenye kesi na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Angalieni ukomo wa muda. Madai ya madhara kwa kawaida yana miaka mitatu, lakini madai ya fidia kwa jambo linalodaiwa kufanywa katika kutekeleza sheria yana mwaka mmoja tu, na upande wa serikali wanaweza kung'ang'ania huo, kwa hiyo hesabuni mwaka. Na kwa sababu mtoto ni marehemu, anayedai ni msimamizi wa mirathi hata kama mtoto hakuwa na mali yoyote, inabidi muwe na cheti cha kifo cha RITA, wale wakala wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, mwende Mahakama ya Mwanzo msimamizi ateuliwe. Lieni machozi lakini hicho kikao cha ukoo kifanyeni mapema, kwetu kilichelewa kwa sababu baba mkubwa aliona aibu kuja, tukamfuata nyumbani kwake tukamwambia hakuna anayemlaumu.

Kwenye karatasi za mashtaka sasa mwanetu ameandikwa mwanafunzi, umri miaka 14. Panya road haimo. Dada ana kopi yake kabatini. Uteuzi wa msimamizi umeshatoka na notisi imepokelewa kwa muhuri, siku 90 zikiisha bila jibu tunafungua Mahakama Kuu.